Mhadhiri, mtafiti na mitandao: maswali yanayorudi kila wiki kwenye grupu letu la Mtwara na Lindi

Haya maswali kila akiingia mtu mpya kwenye grupu yanaanza upya, mara mwalimu wa Stella Maris, mara mtu wa kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele, mara anayesoma OUT (Chuo Kikuu Huria) huku anafundisha sekondari Nachingwea. Nimeyakusanya hapa ili tukiulizwa tutume linki moja basi. Mengine majibu ni msimamo wangu, utayajua.

## Kwa anayeanza

1. Kwani lazima mtu wa chuo awe mitandaoni? Mimi nafundisha, nasahihisha, nachapisha, inatosha.

Lazima hapana. Ila mtu anayetafuta mtaalamu wa korosho au wa magofu ya Kilwa Kisiwani siku hizi hapigi simu chuoni kuuliza, anaandika Google, na jina lisipotokea anamchukua linalotokea, hata kama mwenye jina hilo yuko Ulaya na Kilwa alipita wiki mbili. Jaribu mwenyewe kuandika Tendaguru kwenye Google Scholar. Kilima chenyewe kiko hapa Lindi, mifupa ya dinosaria ilichimbwa 1909 hadi 1913 ikapelekwa Berlin na iko makumbusho ya huko mpaka leo, we angalia tu majina ya waandishi utakayokutana nayo kisha urudi tuongee.

Kuna kuonekana na kuna kupiga kelele, ni vitu viwili. Unaweza usiposti chochote mwaka mzima na bado ukapatikana vizuri tu, na wengi wetu ndicho tunachohitaji. Anayetaka na kelele aruke hadi swali la 9.

2. Nina saa moja na bando la buku. Nianze na nini?

ORCID kwanza. Ni namba ya tarakimu 16 inayokutambulisha wewe kama mtafiti, bure, ilianza 2012, na majarida mengi siku hizi yanakuomba hiyo namba kabla hata hujapandisha pepa. Jisajili kwa email mbili, ya chuo na ya kwako binafsi, sababu utaiona swali la 18. Weka taarifa zako ziwe za wazi maana kuna watu wana ORCID miaka mitano na ukifungua hakuna kitu ndani.

Ya pili Google Scholar. Fungua profaili, thibitisha na email ya chuo, ifanye ya wazi. Hapo kuna sehemu inakuuliza kama makala mpya ziongezwe zenyewe au wakutumie email kwanza uzikague, chagua wakutumie email. Ukiacha ziongezwe zenyewe, siku moja utajikuta una pepa ya upasuaji wa moyo na wewe ni mtu wa isimu, na watu wakiona hiyo wanaanza kutilia shaka hata zile zako halali.

Bando likibaki, angalia ukurasa wako kwenye tovuti ya chuo. Kama picha ni ya 2011 na cheo ni cha zamani peleka maombi kwa watu wa IT leo, utasubiri.

3. Jina langu niliandike vipi?

Kwa namna moja, maisha yako yote. Sisi tuna majina matatu, pepa ya kwanza unaandika A. Chilumba, ya pili Asha Chilumba, ya tatu Asha H. Chilumba, ukiolewa linaingia la nne, na mashine inaona watu wanne wenye pepa moja moja (jina ni la mfano tu). Chagua unalotaka lisomwe ukipanda cheo ulishikilie. Kama umeshachanganya, ORCID ina sehemu ya kuandika majina mengine unayojulikana nayo, yajaze yote.

4. ORCID, Google Scholar, ResearchGate na Academia.edu si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. ORCID ni shirika lisilo la faida, ni kitambulisho. Google Scholar ni mtafutaji, inaokota makala zilipo na kuhesabu nani kamnukuu nani. ResearchGate na Academia.edu ni kampuni za biashara, zote za 2008, na ile ".edu" ya Academia isikudanganye, si chuo, jina la tovuti lilisajiliwa kabla masharti hayajabana.

Sisemi usizitumie. ResearchGate ni nzuri kuombana pepa na nimepata watu wa kushirikiana nao mle. Ninachosema ni kwamba kuweka kazi zako zote huko na kwingine hakuna kitu ni kujenga nyumba kwenye kiwanja cha kukodi. ResearchGate walikuwa na alama yao ya RG Score, watu wakaiweka mpaka kwenye CV, 2022 kampuni ikaifuta na hakuna aliyeulizwa. Kazi yako iwe kwanza kwenye hifadhi ya chuo, au Zenodo (swali la 13), halafu huko kwingine weka linki.

Na zile email za Academia.edu za "jina lako limetajwa kwenye makala fulani, lipia uone"? Usilipe. Zima arifa zao.

## Kusoma na kuandika

5. Pepa ninayoitaka inadai dola 40. Nifanyeje?

Kwanza kwenye Google Scholar chini ya makala kuna linki ya matoleo yote, ifungue, mara nyingi PDF ya bure iko toleo la pili au la tatu. Pili weka Unpaywall kwenye brauza, inakuonyesha kama kuna nakala halali ya bure mahali. Tatu nenda kwa mkutubi wako umuulize kuhusu Research4Life, vyuo vya nchi kama yetu vinaingia bure na mle ndani kuna Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Nashangaa sana watu wanavyolalamika hawana majarida wakati hawajawahi kumuuliza mkutubi neno la siri! Nne AJOL, majarida ya Afrika, mengi yako wazi.

Zote zikigoma muandikie mwandishi. Email fupi, wewe ni nani, unafanyia nini, naomba nakala. Wengi wanatuma siku hiyo hiyo, tena wanafurahi.

Kuhusu Sci-Hub, kila mtu anaijua na kila mtu anauliza. Inavunja haki miliki na imeshashindwa kesi Marekani, kwa hiyo usiifundishe darasani na wala usiweke linki yake kwenye slaidi zenye nembo ya chuo.

6. Zotero au Mendeley?

Zote mbili ni programu za kutunza marejeo, mimi nasema Zotero. Ni ya bure, ya wazi, haimilikiwi na mchapishaji (Mendeley ni ya Elsevier tangu 2013), na ukishaweka kwenye laptopu inafanya kazi bila intaneti kabisa, kitu ambacho ukiwa Liwale au Newala ni muhimu kuliko urembo wowote. Unaburuta PDF unaiweka ndani, ukiwa na mtandao inajaza yenyewe mwandishi, mwaka, jarida. Ukiandika kwenye Word unabonyeza, nukuu inaingia, orodha ya marejeo inajitengeneza.

Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300 tu na watu wanaogopa hapo. Nenda kwenye mipangilio uzime kusawazisha mafaili, acha taarifa za marejeo peke yake ndizo ziende mtandaoni, PDF zibaki kwenye mashine na kopi kwenye diski ya nje. Taarifa za marejeo tu hazijazi hiyo nafasi.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar pale Somanga, na mwezi huo huo tarehe 12 nyaya za EASSy na Seacom zikakatika baharini, intaneti ikawa ya kubahatisha. Wenye kila kitu mtandaoni walikaa tu.

7. Turnitin imenipa asilimia 34, nimeiba?

Turnitin ni programu ya kukagua mfanano wa maandishi, haijasema umeiba. Imesema asilimia 34 ya maneno yako yanafanana na kitu ilichonacho, na ndani ya hizo kuna orodha ya marejeo, nukuu ulizozifungia vizuri, jina la chuo, maneno ya kawaida ya sura ya mbinu. Fungua ripoti usome rangi moja moja. Asilimia 9 iliyotoka yote kwenye aya moja ya mtu mmoja ni mbaya kuliko hiyo 34.

Onyo moja: usimpe mtu wa stesheneri aikague kwa elfu kumi. Akiipitisha kwenye akaunti inayohifadhi kazi, siku chuo kikiipitisha rasmi inafanana na yenyewe kwa karibu mia, na hapo unaanza kujieleza kwa kamati.

8. Je, ChatGPT na wenzake?

Tangu zitoke mwishoni mwa 2022 hili ndilo swali namba moja. Mimi natumia kusafisha Kiingereza na kupata wazo la kichwa cha habari. Situmii kutafuta marejeo, maana zinatunga, inakupa mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoelekea, na makala yenyewe haipo duniani. Kila rejeo litafute Google Scholar kabla hujaliweka.

Majarida makubwa yamekubaliana mashine si mwandishi, haiwi na jina kwenye pepa, na ukiitumia sema ulivyoitumia. Ukipewa pepa ya mwenzio kuipitia usiibandike humo, ile ni siri ya mtu. Na mahojiano ya Kimakonde, Kimwera au Kiyao usitegemee mashine iyaandike wala kuyatafsiri, tafuta mzungumzaji umlipe vizuri.

## Kuonekana na kusikika

9. Mtandao upi unafaa kwa mtu wa chuo?

Inategemea unataka nani akusikie. LinkedIn kwa kazi, ushauri na watu wa miradi. X ndiyo ilikuwa baraza la watafiti duniani, lakini baada ya Elon Musk kuinunua Oktoba 2022 wengi wakahamia Bluesky na Mastodon, na hapa kwetu Mei 2025 ikafungwa kabisa (swali la 17). Facebook bado ina watu wa mikoani, madiwani, walimu, wanafunzi wa zamani. Instagram na TikTok kama una uso na uvumilivu, na YouTube kwa mihadhara inayodumu.

Ila kwa huku kwetu jibu langu ni WhatsApp, kwa sababu ndipo watu walipo. Soma 11.

Chagua miwili ukae nayo. Mtu mwenye akaunti saba zilizolala anaonekana kama amefariki.

10. Naruhusiwa kupandisha PDF ya pepa yangu mwenyewe?

Pepa ni yako ila ile PDF yenye nembo ya jarida huenda si yako, inategemea ulisaini nini. Tofautisha rasimu kabla ya kupitiwa, ile iliyokubaliwa baada ya marekebisho lakini bado iko kwenye Word yako, na ile iliyopangwa na mchapishaji. Wachapishaji wengi wanaruhusu hizo mbili za mwanzo kwa masharti, ya tatu wanakataa. Masharti ya kila jarida yako kwenye Open Policy Finder, zamani ikiitwa Sherpa Romeo. Kama pepa ina leseni ya CC BY pandisha popote, taja tu chanzo.

Watu wanasema "mbona wote wanaweka ResearchGate", ndiyo, na Elsevier pamoja na chama cha wanakemia wa Marekani waliwashtaki ResearchGate 2017 mpaka wakaja kumalizana 2023. Hifadhi ile rasimu yako iliyokubaliwa, watu wanaifuta wakishaona ya jarida imetoka nzuri.

11. Nawafikishiaje matokeo wakulima na wavuvi? Pepa ni ya Kiingereza na hawasomi.

Hapa ndipo ninapowalaumu wenzangu, kiukweli. Unakaa Tandahimba miezi mitatu, unakula kwao, unaondoka na madodoso, linatoka jarida la Uingereza, kijiji hakijawahi kusikia kilichopatikana.

Njia inayofanya kazi ni voisi ya dakika moja na nusu isiyozidi, kwa Kiswahili cha kawaida, kupitia katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) aliyeko kwenye grupu la wakulima. Tuseme ni ubwiriunga kwenye mikorosho. Usianze na "utafiti huu ulilenga", anza na kitu anachokiona kwa macho: ukiona unga mweupe kwenye maua na majani machanga, usisubiri shamba zima liwe jeupe. Halafu kitu kimoja cha kufanya, salfa ipulizwe lini na baada ya siku ngapi tena kwa mujibu wa wataalamu, halafu taja nani wa kuuliza. Basi. Voisi ya pili iwe kesho kutwa, ya majibu ya maswali, maana watauliza na wengi watauliza kwa voisi pia, nyingine ndefu mpaka basi, uzisikilize zote.

Ongeza picha moja yenye maandishi makubwa inayosomeka kwenye simu ndogo. PDF ya kurasa 12 hakuna atakayeifungua, bando lake analilinda. Na ambaye hana simu janja anasikiliza redio, kwa hiyo omba nafasi redio ya jamii ukaongee.

## Ukiwa fildi

12. Nakusanyaje data kijijini ambako mtandao haupo?

KoboToolbox au ODK, programu za kujazia dodoso kwenye simu, zote bure kuanza nazo. Fomu unaitengeneza mjini, unaishusha kwenye simu za wasaidizi mkiwa bado mna mtandao, mnaenda Nanyumbu ndani huko mnajaza siku nzima bila baa hata moja, jioni mkirudi penye mtandao mnatuma. Dodoso linaweza kuwa na lugha zaidi ya moja, lijaribuni kwanza kwa watu watatu wanne.

Kubwa zaidi ni chaji na GPS. GPS inataka anga, chini ya mikorosho iliyofunga itazunguka na kuzunguka, toka uwanjani usubiri kidogo. Na mkague kila jioni fomu ngapi zimetumwa na ngapi bado ziko kwenye simu, kabla simu haijadumbukia kwenye ndoo.

13. Data zangu niziweke wapi baadaye?

Zenodo, hifadhi ya mtandaoni iliyo chini ya CERN (kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya), ilianza 2013, bure, na inakupa DOI, namba ya kudumu ya kazi yako, kwa hiyo data zako zinaweza kunukuliwa kama pepa. Kabla hujapandisha ondoa majina, namba za simu na zile alama za GPS za nyumba za watu. Kuondoa majina ukaacha GPS ni kama hujaondoa kitu, mtu anafika mlangoni.

14. Naweza kuposti picha za fildi?

Za mandhari posti. Za watu, kuna ridhaa ya kuhojiwa na kuna ridhaa ya picha kwenda Facebook, ni mbili tofauti na zote uziombe. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) au cha maadili hakikuondolei wajibu huo.

Jando na unyago usiposti. Najua utafiti ni mzuri, najua ngoma zinapendeza, na pengine mzee wa kijiji amekuruhusu upige. Wale ni watoto, picha inatembea kwenye stetasi mpaka inarudi shuleni kwao, na kuna mambo ya mle ndani ambayo hata mimi na wewe hatukupaswa kuyaona. Eleza kwa maandishi, inatosha kabisa.

## Wewe na wanafunzi

15. Grupu la WhatsApp la darasa limenimaliza, saa sita usiku mtu anauliza kesho kuna kipindi.

CR (kiongozi wa darasa) ndiye awe admini, wewe kaa kama mjumbe au usikae kabisa, matangazo yapite kwake. Sema mapema unajibu saa ngapi na usivunje mwenyewe, ukijibu mara moja saa tano usiku umejimaliza. Matokeo yenye majina usiyaweke kwenye grupu hata kama wanakubembeleza, na kazi zipokelewe Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni) au email, siyo WhatsApp, maana simu ikipotea zimepotea na wao watasema walituma.

Urafiki wa Facebook mimi nakubali wakishahitimu. Mwenzangu anakubali wote, hajapata tabu, ila yeye ni mpole.

## Ya pembeni na yenye utata

16. Nimepata email: "Profesa mheshimiwa, tumevutiwa na kazi yako, tuletee pepa tuchapishe ndani ya siku tano".

Na wewe bado ni msaidizi mhadhiri, si ndiyo? Futa. Jarida la kweli haliwezi kupitisha pepa kwa wapitiaji ndani ya siku tano, na ada inayotajwa ukishakubaliwa tu ni dalili nyingine. Tafuta jarida kwenye DOAJ (orodha ya majarida ya wazi), pitia maswali ya tovuti ya Think. Check. Submit., angalia kama wahariri waliotajwa nao wanalitaja jarida kwenye kurasa zao wenyewe. Ile orodha ya Beall ya majarida matapeli mwenyewe aliifunga Januari 2017, kopi zinazozunguka zisikupe uhakika wa moja kwa moja. Na kabla ya kulipa muulize anayeshughulikia upandishaji vyeo chuoni kwako kama linahesabiwa.

17. Nikiposti matokeo yanayopingana na takwimu za serikali, na X nayo imefungwa, vipi?

Takwimu kwanza. Sheria ya Takwimu ilibanwa 2018 ikaweka adhabu, 2019 Bunge likalegeza. Ila Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na taarifa za uongo zimo. Kwa hiyo posti ikae na mbinu yako: ulihoji wangapi, wapi, lini, na linki ya pepa iliyopitiwa. Usiandike "Mtwara wote" wakati ulienda kata mbili. Kama ni jambo la moto mwambie mkuu wa idara kabla, si kuomba ruhusa, ni ili asije kuulizwa na mwandishi wa habari hajui kitu.

Kuhusu X, VPN watu wanatumia, ila TCRA Oktoba 2023 ilitaka watumiaji watoe taarifa, hivyo hilo uamue mwenyewe. Mimi akaunti yangu nimeiacha na linki ya ORCID tu.

18. Nimehama chuo, email ya zamani imefungwa na akaunti zote zilikuwa humo.

Ndiyo maana ya email mbili kwenye swali la 2. Kama ORCID ina ya pili ingia kwa hiyo, ondoa ya zamani, ongeza chuo kipya. Google Scholar ukiwa umefungua kwa Gmail yako unabadilisha tu ile ya kuthibitisha. Uliyefungua kila kitu kwa email ya chuo na bado hujahama, badilisha leo.

19. Kuna akaunti ya Facebook ina picha yangu na cheo changu, inaomba watu hela za msiba.

Imeshatokea kwa zaidi ya mmoja humu. Piga skrinshoti zikiwa na linki ya akaunti na namba ya simu inayotumiwa kupokelea hela, waambie wenzako wairipoti kwa wingi, tangaza kwenye akaunti yako halisi na magrupu ya wanafunzi. Namba ya utapeli itume 15040 halafu nenda polisi uchukue RB, uitunze, maana kuna mtu keshatuma hela na atakuja kuzidai kwako.